Ndege ya Novatus

Udogo wa ndege, aujuaye ni aishikaye. Methali hiyo mliisikia jana, pale mlipolipua fataki nyuma ya nyumba ya jirani na mama yenu akawakemea kwa maneno hayo. Mnataka kujua yalikotoka. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Nyabihanga, mimi nikiwa mama wa watoto wawili, na yalizaliwa hivi.

Palikuwa na fundi mitambo aitwaye Novatus Kyaruzi. Alikuwa amefanya kazi mgodini miaka mingi, na huko wenzake walimfundisha kuunda ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti. Aliporudi nyumbani alikuja na injini ya petroli inayoenea kiganjani, na hamu isiyoisha. Mabawa aliyachonga kutoka kwenye yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki, akayatia mifupa ya mianzi, akayavika karatasi ngumu. Lakini hakupenda ndege za abiria. Alipenda za kivita. Alitazama picha, akapima, akakosoa kazi yake mwenyewe, akabomoa, akaanza upya, mpaka ndege ikafanana na ile ya kweli kwa kila kitu: rangi ya kijivu, duara la alama ya jeshi chini ya bawa, hata mabomu mawili ya mti yaliyoning'inia tumboni.

Novatus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na tulimpenda.

Jumamosi moja alasiri aliipeleka uwanja wa mpira, nasi tukaenda kutazama. Ilikimbia kwenye nyasi, ikanyanyuka, ikapita juu ya migomba huku tukipiga makofi. Akaizungusha hadi upande wa pili wa kilima, juu ya bonde, akaishusha kwa kasi na kuipandisha tena. Injini ililia kwa sauti ya juu, kama kitu kinachopasua anga.

Kule bondeni Bibi Koletha alikuwa akipalilia maharage, mjukuu wake Editruda, ambaye alikuwa hajaanza hata kutembea, ameketi kando juu ya kanga. Sisi wa huku mpakani tuliiona vita, na wengine iliwachukulia watu. Bibi Koletha ilimchukulia wana wawili, siku moja, shambani, kwa bomu kutoka juu. Tangu hapo hakupenda kulizungumza jambo hilo, nasi hatukumwuliza.

Jirani aliyekuwa akikata nyasi ng'ambo ya bonde alimwona akiinua uso. Kisha akamwona akimnyakua mtoto na kukimbia, bila jembe, bila kandambili, akiingia kwenye mafunjo ya kinamasi. Hakumwona akitoka tena.

Mama yake Editruda, Adventina, aliyeambiwa na jirani huyo, alikuja uwanjani mbio kutuarifu. Makofi yakakoma. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima na maji ya mto yalikuwa yameingia kinamasini, na kila mmoja wetu alijua kilichokaa humo. Mwezi uliotangulia mamba alikuwa amemvuta ndama mbele ya mwenyewe.

Novatus aliishusha ndege, akaitia kwapani, akatuongoza kushuka. Nadhani aliamini kwamba akimwonyesha tu, hofu itaisha.

Tuliita, hatukuitikiwa. Tulisimama kusikiliza, tukasikia vyura na pumzi zetu wenyewe. Adventina aliita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mtoto wa umri ule akisikia sauti ya mama yake hulia. Huyu hakulia.

Tuliwaona kwa sababu mafunjo yalikuwa yakitetemeka mahali pamoja, na upepo haukuwapo. Bibi Koletha alikuwa ndani ya maji hadi kifuani. Amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili kimemziba mtoto mdomo na pua. Alifanya kama alivyofanya wakati wa vita, pale kilio cha mtoto kilipoweza kuwaua watu wote waliojificha. Macho ya Editruda yalikuwa yamegeuka meupe.

Adventina alitaka kumrukia, lakini Bibi akarudi nyuma, maji yakamfika shingoni. Tukasimama. Hatua moja zaidi na wote wawili wangezama.

Novatus akainua ndege yake. "Bibi, ni ya kuchezea. Tazama, ni ndogo, naishika kwa mkono mmoja."

Bibi aliitazama, kisha akatazama juu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile nyingine imekwenda wapi?"

"Ni hii hii, Bibi. Hakuna nyingine."

"Udogo wake unaujua wewe uliyeishika, mwanangu. Mimi ilikuwa juu yangu."

Novatus akaiweka ndege gotini na kuivunja. Mianzi ililia, mabawa yakaanguka majini, na yale mabomu ya mti yakaelea mbele ya Bibi. Aliyatazama yakielea. Taratibu, kidole baada ya kidole, kiganja kikalegea. Mtoto akakohoa, akavuta pumzi, akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Editruda alipona; ndiye yule mwenye duka la dawa. Bibi Koletha alilala chini ya kitanda mpaka mvua zilipokwisha. Novatus alikwenda kumwomba radhi, akasamehewa, lakini kwa muda mrefu hakugusa gundi wala mwanzi.

Alipoanza tena, hakuunda ndege za kivita. Na kila aliyoiunda aliipeleka kwanza kwa Bibi Koletha. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaigeuza tumbo kuangalia chini yake, akamrudishia. Hata hivyo injini ilipowashwa aliingia ndani na kufunga mlango. Novatus alisubiri mpaka asikie komeo, ndipo airushe, upande usio na nyumba ya Bibi.

Basi jirani yenu akiingia uvunguni kwa mlio wa fataki, msicheke kwamba ni baruti kidogo tu. Kiberiti mlikuwa nacho nyinyi. Udogo wa ndege, aujuaye ni aishikaye.