Mtoto Hasikii

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii inatufundisha kwamba jambo linalokwenda sawasawa machoni petu, likateleza kama maji mgongoni mwa bata, lina mtu aliyekaa kitako akalisumbukia. Chakula kikiiva vizuri watu husifu moto, mpishi wakamsahau. Basi alikuwako mama mmoja, karani wa masjala, ambaye methali hii aliisoma shuleni na akapata alama zote, lakini hakuielewa mpaka siku ilipomshika mkono ikamketisha chini.

Karani huyu alikuwa na binti wa miaka mitatu kasoro miezi miwili. Kwa kuwa mtoto alianza kusema mapema na hakujua kunyamaza, nyumba nzima ilimwita Chiriku. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, karani alimpeleka kwa mwanamke mmoja wa makamo aliyelea watoto sita nyumbani kwake, mtaa wa pili. Watoto walimwita Shangazi. Mlangoni alikuwa amebandika kibao: MLEZI WA WATOTO WADOGO. Kazi hiyo aliisomea miezi tisa, na cheti chake kilining'inia ukutani juu ya vigodoro vya kulalia, kimevishwa plastiki ili vidole vyenye rangi visikichafue.

Karani hakuwahi kukisoma. Alimwita mwenzake "yaya," na mlezi alipomsahihisha kwa upole, mara ya kwanza na ya pili, alicheka kama aliyesikia mzaha. Ofisini alizoea kusema, "Kazi gani ile? Watoto wanacheza, yeye anawatazama. Hata mimi nikistaafu nitaiweza."

Mambo yalianza kwenda kombo baada ya mafua. Chiriku aliugua wiki mbili, akapona, lakini uchiriku wake haukurudi wote. Akiitwa, mara aitike, mara akae kama gogo. Jioni moja mlezi alimkamata karani mlangoni.

"Mama Chiriku, nilikuwa nakungoja. Mtoto hasikii."

"Eh! Unaniambia mimi?" alijibu karani, ameinama anatafuta kiatu cha pili cha mtoto. "Hata nyumbani hasikii. Kichwa kigumu kama baba yake!"

Mlezi alishangaa. "Kumbe unajua?"

"Nimemzaa mwenyewe, nitakosa kumjua?"

"Basi kama unajua, afadhali. Mimi nitaendelea kuandika kila siku kwenye daftari, ili ukienda usipate tabu ya kueleza."

"Andika tu, yaya, andika," alisema karani, wala hakuuliza anakwenda wapi. Kiatu kilikuwa kimeonekana.

Njiani ndipo maneno yale yalipoanza kumwasha. Kwa nini huyu mtu amemsema mtoto wangu? Na mtu wa kutazama watoto wanacheza ana lipi la kuandika? Shaka ni kama unywele ndani ya chakula: ukishauona mmoja, kila kijiko utakichungulia. Tangu jioni ile karani akawa mtu wa kuchungulia.

Kesho yake asubuhi, alipomsogelea Chiriku kwa upande wa kushoto amfunge kifungo cha gauni, mtoto aliruka akakunja mabega. Alipofika ofisini alimweleza mpiga chapa, ambaye meza yake ilitazamana na ya karani.

"Shoga, mtoto anayeruka hivyo ameshaonja kofi," alisema mpiga chapa bila kuacha kuchapa. "Watu wa siku hizi watakuchekea mlangoni. Mlango ukifungwa, chui."

"Lakini wako watoto sita pale. Wangelalamika."

"Wa miaka miwili atalalamika vipi, mama? Kwa barua?"

Saa ya mapumziko karani hakula. Alikwenda mtaa wa pili akitembea kwa vidole vya miguu, mtu mzima na mkoba wake, akajibanza kando ya dirisha la mlezi penye pazia fupi. Watoto watano walikuwa sakafuni wakipanga vizibo vya chupa, vyekundu huku, vya buluu kule. Chiriku alikuwa peke yake kwenye kigoda, ameelekezwa ukutani. Nyuma yake alisimama mlezi, ameziba mdomo kwa kipande cha kadibodi, na juu ya kadibodi macho yake yalimtazama mtoto bila kupepesa. Alikaa hivyo kidogo, akahamia upande wa pili, akaziba mdomo tena. Kisha akaketi, akaandika.

"Mtu mwema haongei na mtoto huku ameficha mdomo," karani alijiambia. Alitaka kuingia, lakini akajizuia. Karani wa masjala haamini macho, huamini karatasi.

Karatasi aliipata jioni. Mlezi alipokuwa akimvisha mtoto mwingine sweta, karani alifungua daftari lililokuwa rafuni, akasoma haraka: *Jumatano. Chiriku hasikii. Nimepiga mara tatu upande wa kushoto, karibu kabisa. Hasikii. Kulia, mara moja tu, akageuka.* Akachana ukurasa ule akautia mkobani. Barabarani alikutana na wazazi wawili waliokuwa wakienda kuchukua watoto wao, akawaonyesha. Wote wawili walishika vichwa, na wote wawili walisema watoto wao hawatarudi tena pale.

Asubuhi alibaki na Chiriku. Alimbeba mpaka kwa afisa wa ustawi wa jamii, mwanamama mfupi mwenye miwani, ambaye ndiye aliyetoa vibali kwa walezi wote wa mitaa ile.

"Nataka nyumba ile ifungwe leo," alisema karani, akaiweka karatasi mezani kama mtu anayetupa turufu.

Afisa alisoma. Akasoma tena. "Hebu nisomee wewe, mama."

"Nimempiga mara tatu upande wa kushoto..."

"Rudia hapo."

"Nimempiga mara..."

"Hiyo *m* iko wapi?"

Karani alishusha macho. Yeye aliyekuwa akirudisha barua za watu kwa sababu ya nukta moja, alitafuta herufi ile kwenye mstari kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Haikuwepo. Palikuwa pameandikwa *nimepiga*.

"Ameisahau," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Huenda. Au huenda umeitia wewe. Nikifunga nyumba ya mtu kwa herufi isiyokuwepo, mama, nitakuwa nimefuta kazi ya maisha yake. Na kama ni kweli amepiga mtoto, sitamwacha hata saa moja. Twende tukamuulize alipiga nini."

Walimkuta mlezi akiwanawisha mikono watoto watatu. "Shangazi, wageni!" alitangaza mmoja. "Wamenuna!"

Mlezi aliwakalisha kwanza watoto, akafuta mikono, ndipo akaiangalia karatasi. Alipitisha kidole kwenye ukingo uliochanika. "Hii imetoka kwangu."

"Ulimpiga mwanangu!" karani alifoka.

"Nilipiga kopo."

Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo la maziwa ya unga lililotiwa vijiwe. Chiriku alikuwa ameshakimbilia vizibo, ameketi, amewapa mgongo. Mlezi akamwendea taratibu, akalitikisa kopo nyuma ya sikio lake la kushoto, mara tatu. Watoto wengine wote waligeuka. Chiriku aliendelea kupanga vyekundu. Akalitikisa upande wa kulia, mara moja. Chiriku akageuka akacheka.

Mlezi alilirudisha kopo rafuni.

"Mama Chiriku," alisema mlezi, "si nilikwambia mlangoni? Nilisema hasikii. Ukanijibu hata nyumbani hasikii."

"Nilidhani unasema ni mtundu!"

"Mtundu ningesema mtundu. Mimi nikisema hasikii, nimesema masikio. Nawe ulivyojibu, nikajua unalifahamu, unangoja siku ya kumpeleka kwa daktari. Ndiyo maana nikawa naandika."

"Na kadibodi?" aliuliza karani. Shaka haifi mara moja, hutapatapa kama mkia wa mjusi. "Nilikuona dirishani. Kwa nini unaziba mdomo? Kwa nini unamwelekeza ukutani?"

"Ulikuwa dirishani?" Mlezi alimtazama kidogo. "Naziba mdomo kwa sababu ana akili. Anasoma midomo. Ukimtazama usoni ukamwita, anabahatisha, anapata, nawe unaona mzima. Ukutani ni ili asinione nikisogea. Akiona kivuli tu, ameshajua."

"Na kuruka?"

"Wewe mtu akikutokea ghafla bila kumsikia akija, hutaruka?"

Karani alipiga magoti nyuma ya binti yake. Akainamia sikio la kushoto, akasema kwa sauti ile ya kila siku, "Chiriku, mama amekuja." Mtoto alichukua kizibo cha buluu, akakigeuza, akakiweka. Karani alirudia. Kizibo kingine. Alipohamia kulia, hakuweza hata kumaliza jina, Chiriku aligeuka, "Mama!" akamrukia shingoni. Karani alilia mbele ya afisa na mbele ya watoto, na mmoja wao akamletea kitambaa cha kufutia kamasi.

"Nisamehe, dada," alimwambia mlezi.

Mlezi hakukimbilia kumkumbatia. "Kushuku sikulaumu. Mzazi asiyeshuku kabisa ni mzembe. Kilichoniuma ni kwamba ulizunguka dirishani, ukazunguka kwa afisa, na mlango wangu uko wazi. Hukuniuliza kwa sababu hukudhani ninajua lolote. Mtu humuuliza fundi. Kibarua huchunguliwa."

Mlezi alimpa karani gundi na daftari, naye akaurudisha ukurasa mahali pake, ukakaa upande kidogo. Siku ile ile alilibeba daftari lote mpaka hospitali.

Daktari alimchunguza Chiriku, akakuta ute umejaa nyuma ya ngoma ya sikio, mabaki ya mafua. Alisema unatibika. Akaongeza kwamba kama wangekaa miezi bila kumleta, maneno ya mtoto yangeanza kurudi nyuma, nao wangemchapa bure kwa ukaidi ambao hana. Kisha akafungua daftari, akaanza kusoma: siku kumi na moja, umbali wa kopo, sikio lipi, saa ngapi, alikuwa amelala au ameamka.

"Nani ameandika haya? Muuguzi?"

"Mlezi wake," alisema karani. "Amesomea."

"Amesomea wapi?"

Hapo karani aliona aibu ya pili. Cheti alikipita kila asubuhi kwa mwaka mzima, na hakujua kimeandikwa nini.

Jumamosi hakupumzika. Alikwenda nyumba ya mzazi wa kwanza akasema, "Nilikudanganya bila kujua." Mzazi yule alielewa upesi, akamrudisha mtoto. Wa pili alikuwa mgumu. Alisimama mlangoni na ufagio mkononi. "Sawa, hakupiga. Lakini mbona mnamkuza hivyo? Mimi nimepita pale mara nyingi. Watoto wametulia, yeye ametulia, sijaona analofanya."

"Na mimi sikuona," alijibu karani. "Umewahi kujiuliza kwa nini watoto sita wametulia? Wako mmoja tu, hapa nyumbani, anatulia?"

Wakati huo huo kilisikika kishindo ndani, kikafuatwa na kilio, na harufu ya unga uliomwagika. Mzazi alitazama nyuma, akatazama ufagio.

"Jumatatu nitampeleka," alisema. "Niombee radhi kwa yaya."

"Kwa mlezi," alisema karani, "na radhi utamwomba mwenyewe, kama mimi. Huyo mwenzio usimpime kwa utulivu unaouona ukipita. Utulivu ule una mikono iliyoutengeneza kipande kwa kipande, wewe ukiwa kazini. Usione vyaelea, vimeundwa."