Mkono Uliokataa Kubinya

Inasimuliwa, na aliyesimulia hakuwa mtu wa kuokota maneno njiani, kwamba katika mji mmoja kando ya mto Furati aliishi mkunga mcha Mungu, Bi Lubaba. Jirani yake Tumadhiri, kipofu msokota sufu, alivamiwa nyumbani mchana kweupe, akapigwa hadi mkono ukavunjika. Sauti ya mpigaji aliitambua: ni Dhamra, mchinjaji wa mtaani.

Dhamra alikana. Kadhi akaamuru wanaume watano, yeye akiwemo, wasimame kesho yake na kutamka, mmoja mmoja, maneno aliyoyasema mhalifu siku ile. Tumadhiri akishindwa kumtambua, Dhamra angerudi huru kwenye mtaa uleule.

Jioni hiyo Lubaba alimpeleka Tumadhiri kwenye baraza la kadhi likiwa tupu. Akamhesabisha hatua kutoka mlangoni hadi mkekani, akamgusisha nguzo ya mlangoni. La kusema hakumfundisha hata neno moja.

Asubuhi, wakiwa njiani, Tumadhiri alinong'ona, "Mama, ikifika zamu ya Dhamra, nibinye mkono tu. Mungu anajua kwamba ndiye."

"Mungu anajua, mwanangu. Kadhi hajui. Nami sikuwapo."

"Kumbe umenileta kunitupa!"

Neno hilo lilimchoma Lubaba. Kubinya kidogo tu, nani angeona? Akastaghafiru. Walipofika mkekani akamwachia mkono, akarudi mlangoni, akaweka viganja vyake juu ya nguzo mbele ya macho ya wote.

"Nyamaza! Nani atamwamini kipofu?" akatamka wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wa nne akatoa kisauti chembamba cha kitoto, baraza zima likaangua kicheko.

Tumadhiri hakucheka. "Ni huyo wa nne. Mwambieni aivue sauti ya kuazima."

Kadhi akawapanga upya kimyakimya, wakatamka tena.

"Sasa ni wa pili," akasema Tumadhiri. "Na siku ile pia alivuta pumzi kabla ya kusema 'nani'."

"Amebinywa mkono na yule mkunga!" Dhamra akanguruma, safari hii kwa sauti yake halisi.

"Mkunga yupi?" akauliza Kadhi. "Yule aliye kule mlangoni?"

Watu wakageuka. Viganja vya Lubaba vilikuwa bado juu ya nguzo. Dhamra akaona sauti yake mwenyewe imemsaliti, akakiri, akapelekwa gerezani. Takbiri zikatikisa baraza. Tumadhiri akatembea peke yake hadi mlangoni, kichwa juu.

"Hatua kumi na tisa, mama," akasema akimshika. "Hukunitupa."

Wapo wanaoongeza kwamba siku ile nuru iling'aa usoni mwa Lubaba. Hilo halikuthibiti kwa yeyote aliyehudhuria. Lililothibiti linatosha: lau angebinya, tuhuma ya Dhamra ingekuwa kweli, na haki ya Tumadhiri ingeangushwa na msaada wa Lubaba mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie mkono wa kumfikisha mnyonge mbele ya kadhi, na imani ya kumwachia aseme.