Mbwa wa Adjudant Télesphore

Mtaa wa Nguba umejinyoosha kando ya Ziwa Kivu, bustani zake zikiteremka hadi majini na barabara zake zikipanda kilima kama mtu aliyechelewa misa. Katika miaka ile ya Zaïre, majina ya ubatizo yalipokuwa yamepigwa marufuku, aliishi hapo mzee mmoja aliyestaafu jeshi kwa cheo cha adjudant. Kwenye karatasi za serikali aliitwa citoyen, yaani raia, Cirhuza. Nyumbani na kanisani alibaki Télesphore. Alikuwa mwembamba kama mwanzi, suruali yake haikukosa pasi hata siku moja, na sauti yake ilikuwa ngurumo. Akiomba chumvi mezani, majirani walidhani vita vimerudi.

Mkewe, Madeleine, alikuwa mtu wa maneno machache, nayo yalimtoka polepole kama maji ya mtungi. Miaka yote ya ndoa alikuwa amezoea kuitwa kwa kelele, akaitika kwa upole, na kama moyo wake ulichoka, hakuna aliyejua.

Wezi walipoanza kuanua nguo za watu kambani, mzee aliamua kufuga mbwa. Shemeji yake Constantin, mkulima wa kijiji cha Miti, akamletea mtoto wa mbwa mwenye rangi ya udongo, amejikunja ndani ya kikapu cha maharagwe. Télesphore akampa jina la Mayele, yaani akili, akaapa kwamba kabla ya Noeli mnyama huyo angetii kuliko kikosi kizima.

"Imbwa ni kama soldat mupya," alimwambia mkewe. "Asipokuogopa, hawezi kukusikia."

Basi mafunzo yakaanza nyuma ya nyumba, mzee na fimbo yake, Mayele na kamba yake. Amri zilikuwa za Kilingala, kama kambini. "Vanda!" ilimtaka mbwa akae. "Yaka!" ilimtaka aje. Kukaa alijifunza upesi, kwa kuwa miguu yake ilimlegea kila aliposikia sauti ile. Kuja ndiko kulikomshinda. Alipoitwa alisogea akisitasita, tumbo likiburuta chini, na kwa kuwa alisitasita alichapwa. Kesho yake akasitasita zaidi, akachapwa zaidi. Mwisho akawa akisikia "Yaka!" anakimbilia uvunguni mwa kitanda.

"Ni kichwa ngumu!" mzee alifoka.

Madeleine alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. "Papa, wakati anakuyaka, unamupiga. Sasa atakuya juu ya nini?"

"Weye unajua nini mambo ya discipline?"

Mama huyo aliendelea kuchambua mchele. Lakini mzee alipotoka, aliinama karibu na kitanda, akaweka ndagala moja, kidagaa kikavu, kwenye kiganja na kunong'ona, "Kuya, mutoto yangu. Kuya tu." Pua nyeusi ikachungulia, kisha masikio, kisha mbwa mzima. Siku baada ya siku alimwita hivyo, wakati mwingine na ndagala, wakati mwingine kwa kumkuna tu shingoni. Haikupita muda mrefu Mayele akawa anamfuata kama kivuli: sokoni, kisimani, hata kanisani, ambako alijilaza nje ya mlango mpaka misa iishe.

Jambo hilo lilimchoma mzee kama mwiba wa samaki kooni. Jumamosi moja alimpeleka mbwa ziwani ili amwoneshe mkewe nani ni mkubwa. Walipofika ufukoni, bata wa majini akaruka, na Mayele akajitosa kumfuata.

"Yaka!" mzee akanguruma.

Mbwa aligeuka, akamtazama, akazidi kuogelea kuelekea kilindini. Kadiri mzee alivyopaza sauti ndivyo kichwa cha mbwa kilivyozidi kuwa kidogo juu ya maji. Wanawake waliokuwa wakifua nguo wakaangua kicheko.

"Mon adjudant, soldat yako amekimbia jeshi!" mmoja alisema.

Ilibidi Madeleine, aliyesikia kelele, ateremke kutoka nyumbani, asimame kwenye jiwe na kuita mara moja tu. Mbwa akarudi, akapanda ufukoni, akajikung'uta maji yote juu ya suruali iliyopigwa pasi. Mzee alishika njia ya nyumbani, suruali ikichuruzika. Aibu ilikuwa imempata, lakini moyo haukuwa umelainika.

Msimu wa mvua ulipoanza, habari mbaya zikafika kutoka mtaa wa Kasha. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amewauma watu. Gari lenye kipaza sauti likapita kila mtaa likitangaza kwamba mbwa yeyote atakayekutwa hajafungwa atapigwa risasi. Na kama ilivyo kawaida ya mikosi kuja kwa jozi, asubuhi ile askari walipofika Nguba, Madeleine alikuwa Miti kwenye mazishi ya shangazi yake.

Télesphore alichukua kamba mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, kwa mazoea tu, akatoka uani. "Mayele! Yaka!"

Mbwa alipoona fimbo hakungoja. Alipenya kwenye ua, akavuka barabara, akaingia ndani ya kalvati iliyopitisha maji chini ya njia. Mzee akamfuata mbio, akapiga magoti mdomoni mwa kalvati. Ndani, gizani, aliona macho mawili tu. Akaita. Akafoka. Akaingiza fimbo kumsukuma, na yale macho yakarudi nyuma zaidi. Upande wa pili taka zilikuwa zimeziba. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea.

Juu ya kilima mlio wa bunduki ukapasuka. Kisha mwingine, karibu zaidi.

Askari wawili wakateremka barabara. Mkubwa wao alimtambua mzee, akapiga saluti. "Mon adjudant, ile imbwa ni yako?"

"Ni yangu. Nimeleta kamba."

"Lakini haiko na kamba." Askari alikuna kidevu, akatoa sigara mfukoni. "Sisi hatupendi hii kazi, muzee. Nakupatia wakati wa sigara moja. Ikiisha na hajatoka, nitafyatua mule ndani. Amri ni amri."

Amri ni amri. Maneno hayo Télesphore alikuwa ameyasema mara nyingi kuliko Baba Yetu. Leo yalimwingia kifuani kama maji baridi. Alifikiria jinsi Madeleine angeshuka kwenye gari la Miti jioni, akiwa na vumbi la mazishi miguuni, akiita jina la mbwa wake.

Jirani yao Colombe, mjane aliyeuza mikate, alikuwa amesimama kando. "Papa," alisema kwa woga, "acha kelele. Musemeshe kama vile mama anamusemeshaka."

Mzee alitaka kumjibu kwamba hajui. Na kweli hakujua. Tangu alipovaa magwanda akiwa kijana, hakuna mtu aliyemwita kwa upole kambini, naye hakuona sababu ya kumwita mtu mwingine hivyo. Alitupa fimbo bondeni. Akalala kifudifudi kwenye tope, na suruali yake ya pasi vilevile, akaingiza kichwa kalvatini.

"Mayele," alisema. Sauti ilimkwaruza. Akajaribu tena, chini zaidi. "Mayele. Mutoto yangu. Kuya."

Macho hayakusogea.

"Najua unaniogopa. Uko na haki. Kila wakati ulikuya, nilikupiga." Nyuma yake watu walikuwa wakisikiliza, lakini hakujali tena. "Sitakupiga. Hata ukichelewa. Fimbo nimeitupa. Kuya polepole, kama unavyoweza."

Aliendelea hivyo, akisema lolote lililomjia: habari za ziwa, za bata, za mama atakayerudi jioni. Sigara ya askari ilikuwa imefika karibu na vidole. Ndipo kitu kikakwaruza saruji. Macho yakasogea, yakasita, yakasogea tena. Pua yenye unyevu ikagusa ncha za vidole vya mzee. Mkono wake, kwa ada yake ya zamani, ulitaka kumkamata shingo na kumvuta. Aliuzuia. Akafungua kiganja na kungoja, mpaka Mayele mwenyewe akaweka kidevu chake juu yake, akitetemeka mwili mzima. Hapo ndipo alipomvika kamba, taratibu, kana kwamba anamvisha mtoto shati.

Askari akatupa kipisi cha sigara, akakikanyaga. "Sawa, mon adjudant. Tunaendelea."

Jioni Madeleine aliporudi, mumewe alikuja kumpokea kikapu mlangoni. "Karibu, maman," alisema polepole. "Pole na kilio. Keti, nimechemsha chai."

Madeleine alimtazama tope lililomkauka kifuani, akamshika paji la uso. "Papa, uko mugonjwa?"

"Hapana. Niko najifunza."

Mama wa watu alikaa. Machozi aliyoyazuia mazishini yakamtoka pale, juu ya kikombe cha chai, na mumewe hakumkemea. Alikaa karibu naye hadi yakaisha.

Kazi haikukamilika siku hiyo. Kwa miezi mingi Mayele alijikunja kila mtu alipoinua ufagio, na mara nyingine ngurumo ya zamani ilimponyoka mzee, akaona mbwa na mke wakishtuka pamoja, akaomba radhi. Lakini ufundi wote wa kambini ulishindwa pale penye kalvati, na sauti ya chini ikaokoa uhai. Hakika, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.