Projekta Darasani, Mwalimu Kibandani

Isome mpaka mwisho, kisha umtumie mwalimu unayemjua. Akinuna, mtumie tena.

Katika kijiji kimoja cha wafugaji, watoto waliingia darasa la kwanza bila kujua neno la Kiswahili. Wazee walichoka kusubiri wakijue. Wakamwambia mwalimu mkuu, Bi Sikudhani, kwamba watakuja kuwapima watoto wenyewe. Wakikuta hawajui kitu, wote wanarudi machungani.

Bi Sikudhani alihangaika huku na kule mpaka akapata projekta na spika. Picha ikitokea ukutani, sauti husema, "Kikombe. Rudia." Watoto hurudia. Mwalimu wa darasa, Mgeta, aliipenda mashine ile kupita kiasi: akishaiwasha asubuhi, huyo, kibandani kunywa chai. Bi Sikudhani alimsema mpaka koo likamkauka. Kila alipochungulia dirishani alikuta ukuta unafundisha peke yake, naye alishika kiuno akalalamika kwa sauti.

Siku ya wazee ikafika. Mzee Gidahasi, aliyejifunzia Kiswahili mnadani, akainua kikombe.

"Hiki nini?"

"Kikombe rudia," likajibu darasa zima.

Akamwuliza mtoto mmoja, jina lako nani. "Jina lako nani rudia," akajibu yule, tena kwa furaha.

Wazee wakatazamana. Mgeta bila haya akaanza kuwasema watoto, eti vichwa vyao vigumu, mashine haina kosa. Bi Sikudhani alikasirika hata machozi yakamlenga. Aliiona shule inamfia mkononi.

Mzee akajaribu mara ya mwisho. "Nani anawafundisha?"

Binti mmoja mdogo akasimama, akashika kiuno, akashusha pumzi ndefu.

"Mwalimu hayupo jamani, amekwenda tena kunywa chai. Nimechoka mimi na mtu huyu."

Kiswahili safi kabisa. Bi Sikudhani aliyatambua maneno yake mwenyewe, akaondoa mkono kiunoni taratibu.

Mzee Gidahasi alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamgeukia Mgeta, na kicheko kikaisha.

"Watoto wanasikia vizuri. Watabaki. Wewe chai yako italetwa humu humu, uinywe ukisema nao."

Funzo: Picha na sauti humsaidia mwalimu aliyepo, hazimshikii zamu aliyetoroka. Mtoto hujifunza lugha kwa mtu anayeisema, hata kama mtu huyo yuko dirishani analalamika.