Pimbi na Mashine Iliyozimikia Mafunjoni

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona mnaitika kinyonge, hamjala? Paukwa!
— Pakawaaa!
Pakawa na nini?
— Sema wewe, sisi tupo!
Haya. Pakawa na kisiwa cha mawe katikati ya ziwa. Pakawa na boti moja na mashine yake kuukuu. Pakawa na wawili: mkubwa hatosheki, mdogo hana mtu. Kaeni vizuri, tunavuka.

Kisiwa kile kilikuwa kimejaa wanyama. Mvua zikagoma, majani yakakauka, kila mmoja akataka kuhamia ng'ambo. Boti ilikuwa ya wote. Lakini Nyani, kwa kuwa ana mabega na meno, akaikalia mashine akasema, "Kuanzia leo ni yangu. Anayevuka ananiachia nusu ya chakula chake."

Utamwambia nini mwenye meno kama yale? Digidigi akaacha nusu, akavuka. Kanga wakaacha nusu, wakavuka. Kobe akaacha nusu, akavuka. Ukoo mzima wa pimbi ukaacha nusu, ukavuka, isipokuwa mmoja tu, mdogo kuliko wote. Nyani alimshika shingo akasema, "Huyu abaki anipikie. Atavuka mwisho."

Mwisho ukafika. Kisiwani wakabaki Nyani na Pimbi, na rundo la mihogo, mahindi na ndizi.

Pimbi alikuwa mpweke, jamani. Jioni upepo ukitoka ng'ambo alisikia ndugu zake wakicheka, na hakujua wanacheka nini. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote. Pimbi hulala wamebanana, mgongo kwa mgongo, na yeye sasa alilala na baridi ubavuni. Akaanza kuongea na mawe. "Hujambo, jiwe?" Jiwe kimya. "Umeamkaje, jiwe?" Jiwe kimya. Akajiitikia mwenyewe, akaona aibu, akaacha.

Basi siku moja Nyani akapakia boti. Mihogo, mahindi, ndizi, mpaka juu. Pimbi akaja mbio.

"Mzee Nyani, utanivusha leo?"

"Nafasi iko wapi?"

"Mimi mdogo, hata juu ya mihogo nitakaa."

"Uichafue? Nafasi hakuna."

"Basi utarudi lini kunichukua?"

"Nirudi huku kufuata nini?" Nyani akasema. "Chakula chote hiki hapa."

Pimbi akaelewa kwamba boti ile ikifika ng'ambo, yeye na mawe ndiyo basi, mpaka kufa.

Kabla hajavuta kamba ya kuwashia mashine, Nyani akanusa. Nf, nf. Jua lilikuwa kali na tangi la petroli lilikuwa linanuka. Juu ya kifuniko cha tangi pana skrubu ndogo, huachwa wazi ili hewa iingie. Nyani akainusa ile skrubu, nywele zikamsimama. "Ala! Mafuta yangu yanatoroka! Hata harufu ni yangu!" Akaikaza, kwi, kwi, kwi, mpaka vidole vikamuuma.

Akavuta kamba. Trrr! Puku-puku-puku-puku, huyoo. Pimbi akajikunja juu ya jiwe akalia. Boti ikafika kwenye mafunjo yaliyoota mbele ya kisiwa. Puku... puku... pu. Kimya. Upepo ukairudisha mpaka kwenye mawe.

"Mzee Nyani, utanivusha leo?"

"Nafasi iko wapi? Niache, mashine inaumwa."

Nyani akafungua plagi ya moto, akaisugua kwa mchanga, akairudisha. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia kama mafuta yapo. Yapo. Akafunga, akakaza na skrubu. Akavuta kamba. Puku-puku-puku mpaka mafunjo. Puku... pu. Kimya. Upepo ukamrudisha.

Akafungua kabureta, akaipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Akachungulia tangi, mafuta yapo. Akafunga, akakaza. Puku-puku-puku mpaka mafunjo. Puku... pu. Kimya. Upepo ukamrudisha.

Akaongeza oili ndani ya tangi, akafunga, akakaza. Moshi ukatanda, wakakohoa yeye na mashine wote wawili. Mpaka mafunjo. Pu. Kimya.

Akaipiga teke, mguu ukavimba. Akaitukana mashine, na ukoo wa mashine, na ziwa. Kimya.

Pimbi yupo juu ya jiwe lake. Hakuwa na wa kuongea naye, kwa hiyo alikuwa na kazi moja tu, kusikiliza. Akasikia kwamba mashine haizimiki ghafla kama iliyokosa moto. Inazimika taratibu, kama mtu anayekabwa. Akatazama ule mpira unaotoa mafuta kwenye tangi kuyapeleka kwenye mashine, wenye kitufe kinene cha kubonyeza, kama tumbo dogo. Kila boti iliporudi, kitufe kilikuwa kimenywea. Na kila Nyani alipofungua kifuniko kuhesabu mali yake, tangi lilisema fyuuu! Kitufe kikajaa tena.

"Kumbe," Pimbi akajisemea. "Mashine haina ubaya wowote. Amelikaba tangi, halipumui." Akafunga mdomo wake, tena akaufunga vizuri. Angemwambia Nyani, Nyani angeondoka.

"Mzee Nyani," akasema, "huenda mashine inalemewa. Shusha mzigo, ijaribiwe boti tupu."

"Na mzigo alinde nani?"

"Si nipo mimi?"

"Wewe!" Nyani akacheka kwa hasira. "Mimi niko majini, wewe uko na ndizi zangu? Unanionaje, Pimbi?"

"Basi linda mwenyewe, mzee. Boti nitaijaribu mimi. Ikizimika itazimikia kwenye mafunjo, upepo utanirudisha kama unavyokurudisha wewe."

Nyani akakuna kidevu. Kisiwa kizima kina mwizi mmoja tu, naye ni huyu. Mwizi akiwa ndani ya boti, hawezi kuwa kwenye ndizi. Akajiona ana akili za ajabu! Akashusha kila kitu, mhogo kwa mhogo. Akachungulia tangi, akafunga, akakaza, akavuta kamba yeye mwenyewe, akatia gia yeye mwenyewe, akaruka juu ya mawe, akalikalia rundo lake.

"Nenda! Na mikono yako niione!"

Puku-puku-puku-puku. Pimbi akaning'inia kwenye mkono wa mashine, ule wa kuongozea boti. Mafunjo yakakaribia. Puku... puku... Mashine ikaanza kukabwa. Pimbi akarukia tangi, akashika skrubu. Haizunguki, imekazwa na Nyani! Puku... Akaiuma kwa yale meno yake mawili marefu. Haizunguki. Pu... Akauma tena kwa uchungu wote wa zile jioni zake, jino likalia kach! Skrubu ikageuka.

Fyuuuuuu!

Kitufe kikajaa. Puku. Puku-puku. Pukupukupuku-purrrrrrr! Boti ikayapasua mafunjo, ikatoka upande wa pili.

Nyani akasimama juu ya ndizi. "Pimbi! Rudi! Rudi hapa!" Boti inakwenda. "Pimbi! Nafasi ipo! Rudi, nafasi ipo!"

Ilikuwepo kweli, boti nzima. Pimbi akageuka akamtazama mara moja, jinsi anavyozidi kuwa mdogo juu ya lile rundo. Roho ikamuuma. Hakupunguza mwendo.

Ng'ambo, ndugu zake wakatoka kwenye mapango yao wakipiga mbinja. Dada yake akamkumbatia, akamnusa, akasema, "Mbona unanuka petroli?" Pimbi akaanza kuongea. Akaongea wakila, akaongea wakiota jua, akaongea wakijipanga kulala mgongo kwa mgongo, mpaka dada yake akasema, "Pimbi, nyamaza basi, mwenzetu, tumechoka!"

Pimbi akanyamaza, machozi yakamtoka kwa furaha. Tangu waondoke, hakuna aliyekuwa amemwambia anyamaze.

Kesho yake jioni upepo ukageuka, ukatoka kisiwani. Wahu! Wahu!

"Nani huyo?" dada yake akauliza.

"Jirani yangu."

"Ana chakula chote kile, anataka nini tena?"

Pimbi akasikiliza. "Anataka aitikiwe."

Kumfuata hakumfuata, nisiwadanganye. Wala ndugu zake hawakukubali boti iguswe. Lakini jioni zote upepo ukitoka upande ule, Pimbi aliwaacha wenzake, akashuka mpaka majini peke yake, akaitikia.

Funzo ni nini? Mnataka funzo, na ndizi hamkunipa! Haya, shikeni. Mashine ikikusumbua, usiisikilize. Ipige teke, itukane, badilisha kila kitu isipokuwa tabia yako. Kila skrubu unayoiona, kaza. Na mwenzako akikuomba nafasi, mwambie imejaa. Utakula mpaka ushibe, na hakuna atakayekuchosha kwa maongezi.

Hadithi imegonga nchi kavu, mimi nashuka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niimeze mwenyewe. Na atakayeniuliza kama ni kweli, huyo hatavuka na mimi tena.