Nyani Alivyojifungua

Paukwa!
— Pakawa!
Niseme, nisiseme?
— Sema, bibi, hatumwambii mtu!
Haya, hamtamwambia mtu, na mimi sikusema.

Hapo kale jua lilikausha mito yote. Ikabaki chemchemi moja tu, inatoka kwenye tundu la mwamba, juu mlimani. Nyani dume akaiona. Akanywa, akashiba, akaziba tundu kwa jiwe, akaliegemea kwa mgongo, miguu kaichimbia ardhini.

"Yangu!" akasema.

Maji yanamsukuma huku, yeye anayasukuma kule. Mchana anakaza, usiku anakaza. Kiu ikimshika, analamba yanayovuja pembeni. Mabega yakampanda mpaka masikioni, shingo ikawa ngumu kama mchi. Ukimwita anageuza macho tu.

Akaja Bi Pimbi, kale kamnyama kadogo ka mapangoni kasiko na mkia.

"Mzee Nyani, watoto wangu ndimi zimewaganda. Nipe maji."

"Wape mate."

"Nimewapa, yamekwisha."

"Basi wafunge midomo, yasikauke zaidi."

Bi Pimbi hakulia. Alimtazama Nyani, akatikisa kichwa kama wanavyofanya wanawake msibani.

"Maskini. Wewe unataka kukandwa."

"Nikandwe? Kwani mimi nimezaa?"

Maana kwao, kama kwetu, anayekandwa ni mzazi.

"Mzazi anakandwa kwa nini? Si kwa sababu kasukuma? Na wewe hapo unafanya nini?"

Nyani akafikiri. Akataka kukuna kichwa, shingo ikalia ka! Machozi yakamtoka.

"Lakini jiwe siliachii!"

"Nani kasema uliachie? Kaza. Ila unakaza, unalegeza, ili ukikaza tena ukaze zaidi."

"Nikaze zaidi?" Neno hilo lilimnogea.

Bi Pimbi akapanda begani, akaanza kumkanda kwa vidole vyake vifupi.

"Kaza taya!"
"Ndi!"
"Legeza."
"Legee..."

Jiwe likakaa palepale. Nyani akatabasamu.

"Kaza mikono!"
"Ndi!"
"Legeza."
"Legee..."

Jiwe likakaa palepale.

"Kaza mabega!"
"Ndi!"
"Legeza."
"Legee..."

Mabega yakashuka kutoka masikioni. Jiwe likacheza kidogo, kwaru, lakini Nyani hana habari. "Uwii, mama, utamu gani huu!"

"Kaza miguu!"
"Ndi!"
"Legeza."

Nyani akakoroma. Alikwishalala fofofo, kajibwaga ubavuni kama gunia. Jiwe likatoka, bilingi-bilingi-bilingi, mpaka bondeni. Maji nayo, fwaaa! Watoto wa Pimbi wakanywa, kubu kubu kubu, matumbo yakawa ngoma.

Kanga akapita, na Kanga mnamjua mdomo wake.

"Kuna nini hapa?"

"Nyani kajifungua," akasema Bi Pimbi.

"We! Kajifungua nini?"

"Maji."

Kanga hakungoja la pili. Kabla jua halijapinda, mlima mzima ulikuwa umejaa, kila mtu na kibuyu chake. Wengine walikuja na uji wa mzazi.

Nyani akaamka. Akageuza shingo kulia, ikageuka. Akaona swala wanakunywa. Akageuza kushoto, ikageuka. Akaona ngiri wanaoga. Akainamisha, ikainama. Akaliona jiwe lake kule chini, dogo kama harage.

"Jiwe langu!" Akainuka.

"Tulia, mzazi!" wakamkemea wanawake wote. "Mzazi hanyanyui mizito mpaka arobaini yake iishe!"

Nyani akalitazama jiwe. Akaigeuza tena ile shingo, kulia, kushoto, polepole, kama mtu anayejaribu nguo mpya. Kisha akajilaza kifudifudi.

"Bi Pimbi," akasema, "mgongo nao bado haujakandwa vizuri."

Basi, wajukuu, funzo ni hili: shingo ikikuuma, usikubali kukandwa. Kaza tu, mpaka ukauke. Ukilegea kidogo, majirani watakunywa maji.

Ngano imeishia mlangoni. Atakayeitoa nje, asiseme kaisikia kwangu.