Posa ya Kakakuona

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Kiboko alikuwa mzee wa mto na posa zote zikipokelewa barazani kwake, palikuwa na Kindi, mpwa wake wa kulea. Msiniulize kiboko anakuwaje mjomba wa kindi. Alikuwa.

Kindi huyo alimpenda Kakakuona. Wenzake walimcheka.

"Shoga, yule hakutazami hata usoni! Na akianza habari za mchwa, hamalizi!"

"Akisema atakuja jua likiwa utosini, huja jua likiwa utosini," Kindi akawajibu. "Wenu huja lini?"

Mashoga wakatawanyika mmoja mmoja.

Siku ya posa ikafika. Kakakuona akaja kumposa Kindi; Nyati, mposaji mwingine, akaja na ngoma nane, tena alitaka amchukue mke siku hiyo hiyo. Di! Di! Di! Kakakuona kusikia tu, akajikunja, kru! Mviringo.

"Lo! Huyu ni mume au mpira?" Nyati akauliza. Wageni hawana mbavu.

Kindi hakumvuta, hakumgombeza. Aliwanyamazisha wapiga ngoma, akakaa ubavuni pa mwenzake, si mbele yake, akangoja. Taratibu, pua ikachomoza.

"Mwanangu, nimeona yanitosha," Kiboko akasema. "Utakwenda kwa Nyati."

Lakini ulimi wa Kindi ulikuwa mwepesi kuliko miguu.

"Sawa, mjomba. Ila mume asiyesikiliza ni mzigo. Nitawasimulia nilikofukia njugu zangu zote. Atakayenirudishia maneno bila kukosea, huyo ndiye."

"Kazi ya watoto hiyo!" Nyati akanguruma. "Anza!"

Kindi akaanza. Shimo la kwanza, chini ya mkwaju, njugu sita, moja imetobolewa. Shimo la pili, kando ya jiwe jeupe... Kufika la kumi na moja, Nyati kichwa chini: kroo! kroo! Kakakuona alikuwa akichora mchanga kwa ukucha, hamtazami mtu.

"Nyati! Zamu yako!"

"Eeh? Ndiyo! Njugu... nyingi. Ziko... chini."

Kakakuona hakuinua macho. Akayataja mashimo thelathini na moja, mti kwa mti, njugu kwa njugu.

"Na la ishirini umekosea, Kindi. Umesema njugu nne. Ni tano."

"Alaa!" Kiboko akainuka.

"Lakini, Mzee," Kakakuona akaendelea, "mashimo haya nayajua tangu masika. Huyazungukia pamoja naye kila siku. Kindi amechagua jambo ninaloliweza."

Yarabi! Chakula kimeshaiva, mwenyewe anakimwaga! Kindi akajifunika uso kwa mkia.

"Hila!" Nyati akaruka. "Mke ni wangu!"

Kiboko akamkazia macho Kakakuona. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umesema?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

Kiboko akacheka mpaka maji ya mto yakapanda ukingoni.

"Nyati, wewe asubuhi hii umenisifu eti nimekonda. Mimi, Kiboko! Beba ngoma zako. Nataka mkwe ambaye nikimuuliza neno, nitajua nimejibiwa kweli. Na wewe, Kindi, mjanja mkubwa, mchukue mumeo kabla sijabadili nia!"

Kindi hakungoja aambiwe mara mbili.

Haya, mnaotafuta wachumba: asiyekutazama usoni huenda ndiye anayekusikiliza kuliko wote.